Jina la Kihispania kwa Paka wa Magomeni

Jina la paka ni la kuitwa kabla ya kuwa la kuandikwa. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kumpa paka wake jina la Kihispania hapa Dar es Salaam anapaswa kuanza na vinywa vya watu watakaomwita kila siku, yaani bibi, watoto, dada wa kazi na jirani wa mlango wa pili, kabla hajafungua orodha yoyote ya majina mazuri ya kwenye intaneti. Hilo ndilo ninaloliamini, na ndilo lililotuongoza nyumbani kwetu Magomeni tulipoletewa paka mchanga mwenye rangi tatu.

Aliyetuletea ni mama yangu mdogo, ambaye alisomea udaktari nchini Cuba na ambaye hadi leo, akikasirika au akifurahi kupita kiasi, maneno ya kwanza kumtoka huwa ya Kihispania. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu, paka nakupa, lakini jina lake litoke kule nilikosoma." Nililipokea sharti hilo kwa moyo mweupe. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na kwangu mimi paka asiyeingwa hawezi kuendelea kuitwa "nyau" kama paka yeyote apitaye juu ya ukuta. Anastahili jina lake mwenyewe, lililofikiriwa na watu wanaompenda.

Wapo waliouliza kwa nini tuende mbali kiasi hicho kutafuta jina. Ukweli ni kwamba majina ya Kihispania yana wenyeji wake Dar es Salaam. Tamthilia za Mexico, zilizokuwa zikiwakusanya watu mbele ya televisheni nyakati za jioni, zilituachia kina Paloma, Esmeralda na Alejandro, na wapo wazazi waliowapa watoto wao majina hayo. Ligi ya Hispania hutazamwa katika vibanda umiza vya Manzese na Tandika, ambako vijana wasiojua neno jingine la lugha hiyo hutamka majina ya wachezaji kwa wepesi kabisa. Katika bara letu wenyewe, Kihispania ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru wake kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968.

Zaidi ya hayo, majina yamewahi kusafiri kwa njia ya kinyume, na safari hiyo ilipita katika jiji hili hili. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi aliyetokea Cuba, aliingia Dar es Salaam kwa siri akiwa na wenzake wawili, wakielekea Kigoma ili wavuke Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Ili wasitambulike walijipa majina ya Kiswahili, tena majina ya hesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Mapambano yale yaliposhindwa, Che alirudi Dar es Salaam na kujificha kwa miezi kadhaa ndani ya ubalozi wa Cuba. Mama mdogo hupenda kukisimulia kisa hiki, na alipomsimulia bibi, bibi alisema kwamba ikiwa wao waliazima majina kwetu basi hakuna ubaya na sisi kuazima moja kwao.

Tatu ni neno jepesi kwa kinywa kilichozoea Kihispania, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Lugha hizi mbili, ambazo hazina undugu wowote wa asili, zimefanana kwa sauti kiasi cha kushangaza. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o na u, na zinatamkwa takriban kama zetu, bila zile irabu za katikati zinazowasumbua wanaojifunza Kiingereza au Kifaransa. Neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, na lisilo na alama ya mkazo juu yake, hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyokaza sisi tunaposema *kitabu* au *Magomeni*. Herufi ñ ni ny yetu ya *nyumba*. Ch ni ch. Herufi j, ambayo huwatisha wengi wanapoiona, ni kh ya Khamis, na mtu wa pwani haihitaji kujifunza. Herufi v hutamkwa kama b, na h haitamkwi kabisa. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa na Kiswahili akiambiwa aseme *Paloma*, *Canela* au *Lola*, atasema vizuri mara ya kwanza, na mtu wa Havana atamwelewa.

Penye ugumu ni pale konsonanti zinaposongamana au neno linapofungwa kwa konsonanti. Nilipomwambia bibi kwamba *Sol* ni jua, alilipenda neno hilo mara moja, lakini kinywani mwake likawa "Soli". *Blanca* likawa "Bulanka". Sioni kosa lolote hapo, kwa maana ndivyo Kiswahili kilivyofanya kwa maneno mengi kilichoyapokea, na Kihispania nacho kina tabia ya namna hiyo: hakikubali neno lianze kwa s inayofuatwa na konsonanti, hivyo *schola* ya Kilatini ikawa *escuela*. Hata hivyo, kama jina litabadilika sura siku ya kwanza, na kila mtu akalibadilisha kwa namna yake, paka ataishia kuwa na majina matano, jambo ambalo nitalirudia hapa chini. Niliamua basi kwamba tunatafuta jina la silabi mbili au tatu, kila silabi ikiishia kwa irabu.

Kuna na urafiki mwingine kati ya lugha hizi ambao ulimgusa bibi zaidi ya yote. Sehemu kubwa ya Hispania ilitawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 711, na dola yao ya mwisho, ya Granada, ilianguka mwaka 1492. Katika karne hizo Kihispania kiliokota maneno mengi ya Kiarabu, mara nyingi pamoja na kiambishi *al* mbele yake, nasi tuliyaokota maneno hayo hayo huku pwani kwa njia ya biashara na dini. Sukari kwao ni *azúcar*, zafarani ni *azafrán*, zeituni ni *aceituna*. Kwa siku kadhaa jina Aceituna lilikuwa linaongoza, kwa sababu macho ya paka wetu ni ya kijani kibichi chenye umanjano kama zeituni za kopo, na kwa sababu bibi alisikia ndani yake neno analolijua kutoka katika Kurani. Lilianguka kwa urefu wake. Mtu anayemwita paka asipande juu ya sufuria ya maziwa hana nafasi ya silabi nne.

Majina mengine tuliyajaribu kwa sauti, uani, wakati watoto wa nyumba za jirani wanacheza rede, kwa sababu nilitaka kuyasikia yakitamkwa na watu wasiojua kwamba wanapimwa. *Chispa*, yaani cheche, lilikuwa chaguo langu mwenyewe, na paka mwenyewe ni mwepesi kama cheche. Kabla jua halijazama watoto walikuwa wamekwisha kuligeuza kuwa "Chipsi", na kila lilipoitwa kuna mtoto aliyeuliza kama na mayai yapo. *Nena*, ambalo kwa Kihispania ni kumwita mtoto wa kike kwa mapenzi, lilifanya kila aliyekuwa karibu adhani ameambiwa aseme jambo. *Lima*, mji mkuu wa Peru, halihitaji maelezo. *Luna*, yaani mwezi, lilipita majaribio yote ya ulimi, nami nakiri ni zuri. Ila ni miongoni mwa majina yanayotumika sana kwa paka na mbwa katika nchi zinazosema Kihispania, na mama mdogo alisema kwamba kule alikosoma ukiita Luna barabarani hujui ni wangapi watakaogeuka.

Jambo ambalo Mswahili anaweza kulisahau kwa urahisi, kwa kuwa lugha yetu haitenganishi uume na uke katika maneno, ni kwamba Kihispania hutenganisha. Majina yanayotokana na sifa hubadilika mwisho wake: paka dume mweupe ni *Blanco*, jike ni *Blanca*, dume mwenye rangi ya dhahabu ni *Rubio*, jike ni *Rubia*. Kumwita jike Rubio si dhambi, lakini kwa msikilizaji wa lugha hiyo kunakwaruza sikio. Hivyo ni lazima ijulikane kwanza kama paka ni dume au jike, na kwa paka wa wiki chache hilo si rahisi kwa mtu asiye mzoefu. Daktari wa mifugo atakuambia kwa kumtazama mara moja. Rangi nayo husaidia. Paka mwenye rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, karibu kila mara ni jike, kwa sababu maelekezo ya rangi ya chungwa yamo katika kromosomu X, na ili rangi hiyo na nyeusi zionekane kwa pamoja paka anahitaji kromosomu X mbili, ambazo kwa kawaida ni majike tu wanaokuwa nazo. Dume wa rangi tatu huzaliwa kwa nadra sana. Kwa paka wetu, basi, tulijua tunatafuta jina la kike hata kabla ya kumpeleka kwa daktari.

Yapo majina niliyoyakataa bila kuyajaribu, na hapa nitasema wazi ninavyoona. Sikutaka jina la dini. *Jesús* ni jina la kawaida la mwanamume katika nchi za Kihispania, na hakuna anayeshtuka akilisikia. Lakini kumwita paka hivyo mtaani kwetu, ambako msikiti na kanisa vinasikiana, ni kuwaumiza watu. *María* vivyo hivyo. Sikutaka pia jina la mtu yeyote anayeishi karibu nasi, na ndiyo sababu Paloma, ingawa ni tamu na maana yake ni njiwa, liliondolewa: yuko binti wa jina hilo mtaa wa pili. Pwani tunajua mnyama anavyoweza kutumiwa kupelekea fumbo. Kuna mbwa waliopewa majina ambayo ni maneno ya khanga matupu, yanayoitwa kwa sauti kubwa kila jirani fulani anapopita, na ugomvi wa namna hiyo huchukua miaka kwisha. Mwisho, sikutaka *Negro* wala *Negrita*. Mama mdogo alinieleza, na namwamini, kwamba kwa Kihispania hiyo ni rangi tu, na kwamba Cuba watu huitana hivyo kwa mapenzi. Lakini neno hilo, katika lugha nyingine, limebeba matusi mazito dhidi ya watu wetu, na wageni wanaofika nyumbani wangelisikia bila maelezo. Jina linalohitaji maelezo kila linapoitwa halifai.

Wenye lugha wenyewe wana majina ya jadi ya paka, nami nisingependa kuyapita. *Minino* na *michi* ni kama "nyau" yetu, ni ya paka yeyote. *Micifuz* ni jina la paka wa hadithi, ambalo mtoto wa Kihispania akilisikia anajua bila kuambiwa kwamba anayezungumzwa ni paka. Lina ndugu yake wa kale, Micifuf, katika utenzi ambao mshairi Lope de Vega aliuchapisha mwaka 1634, ambamo paka wawili madume wanagombea penzi la jike mmoja kwa vituko vya mashujaa wa vita. Utenzi mzima juu ya paka, wenye vita na harusi ndani yake! Nilipolisikia hilo nilitamani sana tuchukue jina kutoka humo, lakini yule jike anaitwa Zapaquilda, na nilijua bila kwenda uani yatakayompata jina hilo. Waspania pia husema paka ana maisha saba, nasi husema mtu asiyekufa upesi ana roho ya paka, na watu waliozaliwa Madrid huitwa *gatos*, yaani paka, wakalipokea jina hilo kwa fahari. Ni watu wanaomheshimu mnyama huyu, kama alivyoheshimiwa na Waislamu tangu zama za swahaba Abu Huraira, aliyepata lakabu yake kwa sababu ya paka wake mdogo.

Jina lililobaki ni Canela. Maana yake ni mdalasini. Ukimtazama paka wetu akiwa amelala kibarazani saa kumi za jioni, jua likimpiga ubavuni, utaona kwamba doa kubwa la mgongoni si la chungwa hasa. Karibu na ngozi manyoya yake ni ya rangi ya maziwa, katikati ni ya hudhurungi, na nchani kabisa yanageuka kuwa na wekundu uleule wa gome la mdalasini uliokunjika, lile linalouzwa Kariakoo kwa mafungu pamoja na iliki na karafuu. Bibi ndiye aliyesema hayo kwanza, akiwa anachagua mchele, bila kujua kwamba neno hilo lilikuwa kwenye karatasi yangu. Ka-ne-la: silabi tatu, zote wazi, mkazo katikati. Watoto walilisema bila kulibadilisha. Jirani wa mlango wa pili, ambaye Kihispania hajawahi kukisikia popote, alilisema vilevile. Mama mdogo alipopiga simu na kulisikia likiitwa na sauti ya mbali nyuma yangu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Sawasawa, mwanangu. Hivyo hivyo ndivyo linavyotamkwa."

Lilibaki suala la kuliandika. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka naye anaihitaji, kijana wa mapokezi kwa daktari wa mifugo aliandika "Kanela" kwenye kadi, kwa kufuata kanuni za Kiswahili, ambacho hakina c inayosimama peke yake. Nilimwomba kwa adabu aandike kwa c, naye akaibadilisha. Wapo watakaoona kwamba nimejisumbua bure, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa sauti ni ileile. Naona tu kwamba jina lililoazimwa linapaswa kuandikwa kama wenyewe wanavyoliandika, kama ambavyo sisi tungependa jina Mwanaidi liandikwe kikamilifu popote duniani lilipofika. Atakayeona K inafaa nyumbani kwake na aandike K.

Sasa kuhusu paka mwenyewe, ambaye mara nyingi husahaulika katika shughuli hii yote. Je, anasikia jina lake? Anasikia. Mwaka 2019 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Atsuko Saito, walichapisha uchunguzi ambamo paka walichezewa sauti zikitaja maneno kadhaa yenye urefu na mkazo unaofanana na wa jina lao, kisha jina lenyewe. Paka wengi walizoea yale maneno na kuacha kuyajali, lakini jina lilipofika waligeuza masikio au kichwa, hata pale sauti ilipokuwa ya mtu wasiyemfahamu. Sikio la paka husikia sauti nyembamba zaidi ya kilohezi 60, wakati letu huishia kwenye 20 hivi. Anatusikia vizuri kuliko tunavyomsikia yeye. Kuja au kutokuja ni uamuzi wake.

Ndiyo sababu nasisitiza jina moja na matamshi mamoja kwa nyumba nzima. Sisi tulianza hivi: kila aliyempa chakula alitaja jina lake kwanza, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha akaweka sahani chini. Dagaa wa Kigoma waliochemshwa bila chumvi ndio waliofanya kazi kubwa. Hatukulitaja jina tulipomkaripia, wala tulipomshika kumpa dawa ya minyoo, ili lisije likaambatana na maudhi. Haikuchukua muda akawa anainua kichwa akilisikia kutoka chumba kingine, na bibi, ambaye mwanzoni alisema paka ni paka, sasa ndiye anayewarekebisha wageni wanaosema "Kanele". Watoto wamejiongezea *Canelita*, yaani Canela mdogo, baada ya kufundishwa na mama mdogo kwamba *-ita* ni ki- ya mapenzi. Nimewaachia, kwa kuwa mwanzo wa jina haubadiliki na paka huitikia yote mawili.

Ndugu yake wa tumbo moja, dume mweusi tii, amechukuliwa na muuza kahawa wa kijiweni kwetu, naye alikuja kuomba jina la lugha ileile ili ndugu wasitengane. Nilipendekeza *Tinto*, kwa kuwa nchini Colombia hilo ndilo jina la kikombe cha kahawa nyeusi, na nilidhani hakuna jina linaloweza kumfaa zaidi paka atakayekaa kando ya birika la shaba na sinia la kashata. Mama mdogo alitukumbusha kwamba nchini Hispania ukisema *tinto* utaletewa mvinyo mwekundu. Muuza kahawa ni mtu wa swala tano, na wateja wake wengi humpitia wakitoka msikitini. Alitafakari, akashukuru, akasema hapana. Amemwita Moreno, lenye maana ya mwenye rangi ya kukoza, silabi tatu wazi, na wazee wa kijiweni wanalitamka bila shida yoyote.